IQ ya robo saa: bambo moja linajua nini kuhusu gunia zima?

Kila baada ya muda inazuka ile skrinishoti. Mtu kafanya testi kwenye simu, maswali kumi tu, dakika nane, kaambiwa IQ yake, yaani kipimo cha akili, ni 137, kaiposti. Chini yake watu wanagawanyika papo hapo. Kuna wanaoomba linki, na kuna wanaokuja juu kwamba huo ni utapeli mtupu, IQ ya kweli unapimwa na mtaalamu, mnakaa chumbani karibu masaa mawili, hayo mengine ni michezo. Alafu anatokea mmoja ambaye hakuna anayemjibu, anauliza kistaarabu tu: mbona mimi nilipopimwa baada ya kuumia kichwa, mwanasaikolojia alitumia kama robo saa kwenye sehemu ya IQ, na ripoti imeandikwa namba?

Huyo ndo kanifanya niandike, maana ameshika pale penyewe. Testi fupi za IQ za watu wazima zipo, ni za kitaalamu kabisa, zinauzwa kwa wataalamu tu na zinatumika kila siku kwenye kliniki na kwenye utafiti. Kwa hiyo anayesema fupi maana yake feki amekosea, na anayeiamini ya kwenye simu kwa sababu "hata wataalamu wana fupi" naye amekosea, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Tuanze na namba yenyewe, hapa ndo wengi wanapopotelea. IQ sio asilimia. Ukipata 100 haina maana umepata zote, na 50 sio nusu ya akili ya mwenye 100. Hadithi inaanzia Paris mwaka 1905, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotengeneza maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Baadaye likaja wazo la umri wa akili, na mwaka 1912 Mjerumani William Stern akapendekeza ugawanye umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10, ukagawanya na ukazidisha kwa 100, unapata 125. Kwa watoto inaenda vizuri. Kwa watu wazima inakuwa kichekesho, maana mtu wa miaka 60 anayejibu sawasawa na wa miaka 30 tutamwambia IQ yake ni 50?

Aliyelitatua hilo kwa watu wazima ni David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue kule New York, aliyetoa testi yake ya kwanza mwaka 1939. Aliachana na kugawanya umri. Unachukua watu wengi wa rika moja, unawapima, wastani wao unaubatiza jina 100, na kila hatua ya kutawanyika kwao unaipa pointi 15. Ndo maana watu kama 68 kati ya 100 wanaangukia kati ya 85 na 115, na wanaovuka 130 ni kama wawili tu kati ya 100. Yaani IQ inakwambia umesimama wapi kwenye foleni ya watu wa umri wako. Shika hilo neno foleni, tutalihitaji. Na ukishaelewa ni foleni, swali la kwanza kila unapoona namba ni: foleni ya akina nani?

Sasa testi ndefu ikoje. Ya watu wazima inayojulikana zaidi ni hiyo ya Wechsler, inaitwa WAIS. Toleo lake la mwaka 2008 lilikuwa na mazoezi makuu 10, dakika 60 mpaka 90, na foleni yake ilikuwa watu 2,200 wa Marekani wenye miaka 16 hadi 90. Mazoezi yamegawanyika makundi manne: ya maneno, ya maumbo, ya kushikilia vitu kichwani huku unavichezea (mtu anakusomea tarakimu, wewe unazirudisha kinyumenyume), na ya kasi.

Ukiwa umekaa pale mezani unaona hivi. Mtahini anakupa vibao vidogo vya mchemraba, pande nyingine nyekundu tupu, nyingine nyeupe tupu, nyingine nusu kwa nusu kwa mshazari, anakuonyesha picha, uipange, saa inakwenda. Dakika chache baadaye anakuuliza vitu viwili vinafanana nini. Maswali halisi ni siri kwa hiyo nitatunga langu: mto na barabara vinafanana nini? Ukijibu "vyote ni virefu" unaweza kupewa pointi moja. Ukijibu "vyote ni njia za kupitia" unapewa mbili. Ukisema "mto una maji barabara haina" unapata sufuri, maana umeulizwa kufanana wewe umejibu kutofautiana, na nakuhakikishia watu wengi wenye akili zao timamu wanajibu hivyo wakiwa na wasiwasi. Mtahini mzuri anayaona hayo yote, anaandika pembeni, anajua huyu alikosa kwa kutojua na huyu alikosa kwa kukimbilia.

Shida ya kitu kama hicho inaeleweka. Mzee wa miaka 80, au mtu aliyetoka kupata kiharusi, ukimkalisha saa moja na nusu kuanzia katikati utakuwa unapima uchovu. Na mtafiti mwenye watu 400 wa kupima, ambaye swali lake hata sio IQ, anataka tu kuhakikisha makundi yake mawili hayajatofautiana sana, hawezi kumpa kila mmoja asubuhi nzima. Hapo ndo wazo la kufupisha linapozaliwa.

Ila kwa nini ufupisho ufanye kazi hata kidogo? Wanunuzi wa nafaka wana kifaa kinaitwa bambo, chuma chenye ncha na mfereji katikati. Hamwagi gunia zima chini kuangalia, anachoma bambo, zinatoka punje kiganjani, anazitazama, anajua gunia likoje. Inafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba kilicho ndani ya gunia kimechanganyika.

Mwaka 1904 Muingereza Charles Spearman aligundua kwamba akili za watu, kwa wastani, zinafanana na gunia lililochanganyika. Alikuta wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja wana mwelekeo wa kufanya vizuri na mengine, hata kwenye kutofautisha sauti za juu na za chini. Sio wote, sio kila mara, mwelekeo tu. Lakini umerudiwa kuonekana kwa zaidi ya miaka mia sasa: kwenye kundi kubwa la watu, anayejua maana za maneno mengi huwa pia hafanyi vibaya kwenye mafumbo ya maumbo. Kwa hiyo ukichoma bambo sehemu mbili zilizochaguliwa vizuri, moja kwenye maneno moja kwenye maumbo, punje zinakwambia mengi kuhusu zilizobaki.

Na hiyo ndo karibu sawasawa na testi fupi inayotumika sana, inaitwa WASI, ilitoka mwaka 1999 na toleo la pili mwaka 2011. Ina mazoezi manne, ikiwemo lile la vibao na lile la kufanana. Ukiyafanya yote manne ni kama nusu saa. Ukifanya mawili tu, maana za maneno na mafumbo ya maumbo (ile gridi yenye kona moja wazi, uchague kipande kinachoingia), ni robo saa. Yule aliyeuliza kwenye komenti yawezekana kabisa alipewa hii.

Kuna kitu watu hawakijui hapa. Kufupisha kuko kwa namna nyingi. Unaweza kuchukua testi ndefu ukafanya mazoezi machache na kuacha mengine. Unaweza kufanya mazoezi karibu yote lakini ukaruka maswali, la pili au la tatu tu kwenye kila zoezi, mbinu iliyotolewa mwaka 1962. Au unaweza kutengeneza testi mpya fupi tangu mwanzo, yenye maswali yake na foleni yake ya watu waliopimwa kwa huo huo ufupi. WASI ni ya aina hii ya mwisho na ndo yenye afya zaidi, maana kwenye zile za kukata, watafiti wengi walikuwa wanafanya kosa ambalo ukiambiwa unacheka. Wanampa mtu testi ndefu, wanachomoa mazoezi mawili kutoka humo humo, alafu wanalinganisha hayo mawili na jumla ambayo yenyewe imo hayo mawili. Kama siku hiyo alibahatisha maneno matatu, bahati imehesabiwa pande zote mbili. Lazima vifanane! Bila kusahau kwamba aliyefanya zoezi la saba baada ya dakika 50 sio mtu yule yule angelifanya la kwanza akiwa bado ana nguvu.

Haya, twende kwenye hesabu kidogo, naahidi sio ndefu. Kila kipimo kina uthabiti, yaani ukimpima mtu huyo huyo tena utapata karibu vile vile? Unaandikwa kati ya 0 na 1. Jumla ya testi ndefu ya Wechsler iko kama 0.98, ambayo kwa kupima kitu cha kichwani ni kubwa sana. Mwaka 1910 Spearman na mwenzake William Brown, kila mmoja kivyake, walitoa kanuni inayokwambia uthabiti unashuka kiasi gani ukikata testi. Ukichukua hiyo 0.98 ukabakiza mazoezi mawili kati ya kumi, kwa makadirio ya karatasi unabaki na kama 0.91. Umetupa asilimia 80 ya kazi, na uthabiti umeteremka kidogo tu. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimekosea kukokotoa.

Ndo sababu wataalamu wanazikubali fupi. Lakini subiri, maana hiyo 0.91 ina sura nyingine ukiigeuza kuwa pointi. Kwenye ndefu, ukipata 100, kosa la kipimo linacheza kama pointi 4 kila upande, tuseme 96 mpaka 104. Kwenye ya mazoezi mawili linacheza kama pointi 9, yaani 91 mpaka 109. Rudi kwenye foleni: watu 100 wamejipanga kuanzia wa chini, testi ndefu inasema umesimama mahali fulani kati ya wa 39 na wa 61. Fupi inasema uko kati ya wa 27 na wa 73. Karibu nusu ya foleni! Inatosha kusema wewe ni mtu wa katikati. Haitoshi kubishana na shemeji yako aliyepata 106.

Na kwa lile kundi la mtafiti kosa halisumbui sana, kwa sababu kwenye watu 400 wanaozidishiwa na wanaopunguziwa wanafutana, wastani unabaki palepale. Kwa mtu mmoja hakuna wa kufutana naye. Ndo maana kitu hicho hicho kinaweza kuwa kizuri kabisa kwenye utafiti na kikawa hatari kwenye faili la mtu.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilishawahi kulikalia hili. Mwaka 2002 ilikataza kuwapa adhabu ya kifo watu wenye ulemavu wa akili, na jimbo la Florida likaweka mstari: IQ 70 kushuka chini, vinginevyo ushahidi mwingine hausikilizwi. Freddie Lee Hall, aliyekuwa akisubiri adhabu ya kifo, alikuwa na 71. Pointi moja. Mwaka 2014, majaji watano kwa wanne, mahakama ikasema mstari huo haufai, kwa sababu kipimo chenyewe kina kosa lake na mtu aliye ndani ya kosa hilo lazima aruhusiwe kuleta ushahidi mwingine, kama vile anavyoishi na anavyojimudu kila siku. Na hapo tunazungumzia kosa la pointi 5 hivi. Fikiria mstari kama huo unachorwa kwa kipimo cha robo saa.

Alafu kuna tatizo ambalo kanuni ya 1910 hailioni kabisa, nalo ni gunia lisilochanganyika. Kuna magunia juu nafaka nzuri chini mchanga, na bambo likiingia juu tu unanunua mchanga. Kwa binadamu hakuna aliyepakia kwa hila, ila matabaka yapo. Mtu mwenye ugumu wa kusoma tangu utotoni anaweza kuwa na msamiati mdogo huku mafumbo ya maumbo anayamaliza kama mchezo. Aliyepata kiharusi upande mmoja wa ubongo anapoteza vitu fulani na kubaki na vingine. Sasa kumbuka WASI imeacha makundi mawili zima, kushikilia vitu kichwani na kasi. Na ajali za kichwani zinapenda kugonga hayo hayo mawili! Maana za maneno zinakaa, mtu anaongea vizuri, anafafanua neno vizuri, anapata 104, alafu akirudi kazini kazi ya saa moja inamchukua nusu siku na hakuna anayemuelewa.

Ajabu ni kwamba udhaifu huo huo wataalamu wameugeuza kuwa chombo. Kwa kuwa maneno yanakaa, yanaweza kukwambia mtu alikuwaje kabla hajaumia. Kuna testi ya Uingereza ya mwaka 1982 ambapo mtu anasomeshwa kwa sauti maneno 50 ya Kiingereza ambayo tahajia yake haiendani na matamshi. Ukiyatamka sawa maana yake uliwahi kuyajua, huwezi kuyabahatisha kwa kuyatazama. Kwa Kiswahili mbinu hiyo inakufa mlangoni, maana sisi neno linasomwa lilivyoandikwa, hata usilolijua unalitamka vizuri tu.

Hilo linatuleta kwenye lugha. Zoezi la maneno, ukipimwa kwa lugha uliyojifunzia ukubwani, linapima kwanza ile lugha. Na testi ya mazoezi mawili imeweka nusu nzima ya alama kwenye zoezi hilo, hakuna mengine nane ya kupoza. Wengine wanasema basi tutumie maumbo tu, hayana lugha wala utamaduni. Sio rahisi hivyo. Katika karne iliyopita alama za IQ zilikuwa zinapanda kama pointi 3 kila miaka kumi kwenye nchi nyingi zilizopimwa, jambo lililotangazwa sana na mtafiti James Flynn, na zilizopanda kwa kasi kubwa ni hizo hizo za maumbo. Mafumbo ya maumbo nayo yanazoeleka, na foleni nayo inazeeka.

Kuna mkanganyiko mwingine niuseme haraka. Mwaka 2018 daktari wa ikulu ya Marekani alitangaza kwamba Rais Donald Trump amepata 30 kati ya 30 kwenye testi ya MoCA, na hadi leo watu wanaitaja kama IQ. Haina uhusiano. MoCA ilitoka Montreal, ilichapishwa mwaka 2005, ni dakika 10 hivi, unachora saa, unataja simba, kifaru na ngamia kwenye picha, unakumbuka maneno matano. Imetengenezwa kunusa dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau, na mtu mwenye afya anatarajiwa kupata 26 kwenda juu. Kupata zote ni habari njema, lakini haimpangi mtu popote kwenye foleni ya akili.

Sasa ile 137 ya kwenye simu. Testi ya maswali kumi ina matokeo kumi na moja tu yanayowezekana, kuanzia sufuri mpaka kumi. Kumi na moja! Kati ya 40 na 160 kuna namba 121. Hiyo 137 imetoka wapi? Kila swali moja linaruka pointi kumi na zaidi, kwa hiyo kidole kikiteleza umetoka kwenye kipaji umekuwa wa kawaida. Na foleni yake ni akina nani? Ni waliobonyeza, yaani watu wanaopenda mafumbo, usiku, wengine wakijaribu mara ya tatu. Mimi nilishazifanya mbili kwa siku mbili mfululizo, moja ikanipa 128 na nyingine 111, na ile ya 128 ndo iliyotaka nilipie cheti.

Nirudi kwa yule wa komenti maana bado hajajibiwa. Ndugu yangu, fungua ripoti tena. Tafuta kama pembeni ya IQ kumeandikwa imekadiriwa, au imetokana na mazoezi mangapi, mawili au manne, na kama wameweka namba mbili, ya chini na ya juu (kama ile 91 mpaka 109), badala ya namba moja kavu. Alafu geuza kurasa. Siku ile robo saa ilikuwa ya IQ, na muda mwingine wote, nadhani unakumbuka, ulikuwa unakariri hadithi, unaunganisha nukta, unarudia orodha ya maneno baada ya nusu saa. Namba za kumbukumbu nazo mara nyingi zinapangwa kwa mtindo ule ule wa foleni, 100 na 15, na ndo sababu ya kukuchoma bambo mwanzoni, wapate mahali pa kulinganishia. Kama IQ imeandikwa 104 na kumbukumbu imeandikwa 78, daktari wako hakuwa anatazama 104. Alikuwa anatazama zile 26 zilizopo katikati.